Mita Mbovu ni Shahidi wa Uongo

(Mazungumzo ya wiki hii redioni, kama yalivyosomwa)



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya vyombo ambavyo wengi wetu hatuvimiliki, wala hatujapata kuvishika, lakini fedha zetu na hata maisha yetu huvitegemea kila siku. Nazungumzia vyombo vya kupimia umeme: mita ya fundi, na ile mashine yenye kioo kidogo inayochora umeme kama mawimbi, iitwayo oskiloskopu. Na hasa nazungumzia vile vya zamani, vilivyotengenezwa miaka 40 au 50 iliyopita, ambavyo leo vimelala katika stoo za vyuo na karakana, vimefunikwa na vumbi, vikingoja kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Pengine utaniuliza: "Bwana, mimi si fundi. Hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Televisheni yako ikizimika unaipeleka kwa fundi. Fundi mwenye kipimo kizuri atapima, atakiona kifaa kilichokufa, atabadilisha hicho kimoja, na utaondoka na televisheni yako. Fundi asiye na kipimo atabahatisha. Atabadilisha hiki, isiwake. Atabadilisha kile, isiwake. Atakuambia urudi Jumamosi. Gharama ya kubahatisha haimwangukii fundi, inakuangukia wewe.

Hilo ni jambo la fedha. Sasa liko la uhai. Fundi umeme anataka kushika waya. Anaweka ncha za mita yake, na mshale hausogei. Anajiambia kwamba hapa hamna umeme. Lakini je, mshale umekaa kimya kwa sababu waya hauna umeme, au kwa sababu mita yenyewe imekufa? Waya wa kupimia ukikatika ndani ya ganda lake, kwa nje huoni kitu. Mita inasema "hakuna", na fundi anaushika waya wenye volti 230.

Ndiyo maana nasema mita mbovu ni mbaya kuliko kukosa mita. Asiye na mita huogopa, na woga humlinda. Mwenye mita mbovu huamini. Mita mbovu ni shahidi wa uongo, na shahidi wa uongo huweza kumpeleka mtu kaburini.

Ndugu msikilizaji, hebu turudi nyuma kidogo tuone vyombo hivi vilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Uingereza alikuwapo mhandisi wa Posta aliyeitwa Donald Macadie. Kazi yake ilikuwa ya njia za simu, na ilimlazimu kubeba vyombo vingi: kimoja cha kupimia ampea, kingine cha volti, na kingine cha ukinzani, ambao hupimwa kwa omu. Macadie akaona huo ni usumbufu. Akabuni chombo kimoja kilichofanya kazi zote tatu, na mwaka 1923 kikaanza kuuzwa. Kikaitwa Avo, yaani ampea, volti na omu.

Mafundi wa siku nyingi wanaijua mita hiyo. Ni sanduku jeusi, zito, lenye mkanda wa ngozi wa kubebea, uso mpana wenye mshale, na swichi mbili kubwa za kuzungusha. Namba 8, iliyo maarufu kupita zote, ilitoka mwaka 1951. Iliendelea kutengenezwa kwa matoleo mbalimbali hadi mwaka 2008, na kilichoisimamisha ni ugumu wa kupata sehemu zake za kimitambo. Hebu fikiri: chombo cha umeme kilichoishi sokoni kwa zaidi ya nusu karne! Leo tunanunua simu, na baada ya miaka mitatu tunaambiwa imepitwa na wakati.

Ndani ya Avo mlikuwa na busara nyingi. Fundi akikosea, akapitisha umeme mwingi kuliko uwezo wa mita, kitufe kilichoko usoni kilifyatuka na kukata njia, mita ikapona. Aliyeitengeneza alijua kwamba fundi ni binadamu, kuna siku atachoka na atakosea.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Mwaka 1946, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, ilianzishwa kampuni ya Tektronix, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Howard Vollum na Jack Murdock. Kazi yao ikawa kutengeneza oskiloskopu. Katika mashine zao nyingi za miaka ya 1950 na 1960, vifaa vya ndani vilishikizwa juu ya vipande vya kauri vyenye vijifereji vilivyopakwa fedha. Risasi ya kawaida ya kulehemia ina tabia moja mbaya: inaila ile fedha. Fundi akilehemu mara kadhaa kwa risasi ya kawaida, kauri haishiki tena, na kipande kimeharibika.

Kiwanda kilifanya nini? Kiliweka humo humo ndani ya mashine msokoto mdogo wa waya wa risasi iliyochanganywa na fedha kidogo. Yaani siku mashine itakapoharibika, baada ya miaka 10 au 20, katika nchi yoyote ile, fundi atakayeifungua aikute risasi inayofaa ikimngoja.

Ndugu msikilizaji, natamani jambo hilo likukae moyoni. Mtu wa kiwandani alimfikiria fundi asiyemjua, ambaye pengine alikuwa hajazaliwa bado, akamwekea akiba. Zaidi ya hapo, mashine iliuzwa pamoja na kitabu. Na si kile kijitabu cha siku hizi cha kukuonya usiimwagie maji. Kilikuwa kitabu kinene chenye mchoro wote wa njia za umeme, volti zinazotakiwa kuonekana hapa na pale, na picha ya wimbi linalotakiwa kutokea mahali fulani. Fundi aliyejua kusoma mchoro aliweza kufuata njia hatua kwa hatua mpaka akaufikia ugonjwa.

Kwa sababu hiyo ziko oskiloskopu za Tektronix namba 465, zilizoanza kutoka mwaka 1972, ambazo zinafanya kazi hadi leo. Hazikudumu kwa uchawi. Zilitengenezwa ziweze kufunguliwa, kueleweka na kurudishiwa afya. Ni kweli kwamba zina vipuri ambavyo kiwanda kilijitengenezea chenyewe na ambavyo havitengenezwi tena. Hapo mafundi hufanya hesabu yao: mashine mbili zilizokufa huzaa moja iliyo hai.

Tatizo letu ni kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Tunaona mita ndogo ya namba, nyepesi, ya bei ndogo, tunasema ile ya mshale ya nini tena? Sisemi mita mpya ni mbaya. Kwa kazi nyingi ni nzuri, na iko kazi moja ambayo fundi asithubutu kutumia ya zamani. Kwenye mbao kuu za umeme wa majengo na viwanda, hitilafu ndogo inaweza kuzaa mlipuko mkubwa. Huko itumike mita ya kisasa yenye daraja la usalama linalofaa, lile linaloandikwa kwa herufi CAT na namba ya Kirumi. Mita ya mwaka 1951 haikutengenezwa kwa kanuni hizo. Mahali pake ni mezani kwa fundi na darasani kwa mwanafunzi.

Lakini mezani hapo bado ina kazi, tena ipo sababu ambayo vijana wengi hawafundishwi. Kila mita huchota umeme kidogo kutoka mahali inapopima. Mita ya mshale huchota zaidi, na mita ya namba huchota kidogo sana. Tuchukue mfano wa volti 12 zinazopita katika ukinzani wa omu 200,000. Ukipima upande wa pili kwa Avo namba 8, ikiwa imewekwa kwenye kipimo cha volti 10, itakuonyesha volti 6. Ukipima kwa mita ya kawaida ya namba, itakuonyesha karibu volti 11.8. Hakuna iliyokosea. Kila moja imekueleza kilichopo baada ya yenyewe kuchota sehemu yake.

Sasa vitabu vingi vya redio za zamani za Kiingereza viliandika volti kama zilivyosomwa kwa Avo. Kijana anachukua mita yake mpya, anapima, anaona volti ni nyingi kuliko zilizoandikwa. Anaamua redio ni mbovu, anaanza kung'oa vifaa vizima. Anayejua mita yake inachota kiasi gani hadanganyiki. Kwa hiyo kumfundisha mwanafunzi mita ya zamani ni kumfundisha jambo kubwa zaidi ya mita: kwamba kila kipimo kina namna yake ya kupima, na mpimaji sharti aijue.

Haya, tuseme tumekubaliana. Stoo imefunguliwa na mashine imetolewa. Tuanzie wapi?

La kwanza, usiichomeke kwenye umeme mara moja. Hapo ndipo nyingi zinapouawa. Ndani yake mna kapasita za kuhifadhi umeme, zile zenye umbo la kopo. Zikikaa miaka mingi bila kazi, utando mwembamba ulio ndani yake hudhoofika. Ukizipa volti zote kwa ghafla huweza kupasuka na kuunguza transfoma. Fundi mwenye subira huzipandishia umeme kidogo kidogo kwa transfoma ya kurekebisha volti. Asiye nayo huweka balbu ya zamani, ile ya waya ndani, katika njia ya umeme wa mashine. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, ajue ndani mna kasoro, azime.

La pili, toa betri. Betri iliyosahauliwa ndani ya mita huvuja, na maji yake hula shaba na swichi. Avo namba 8 inatumia betri mbili, moja ya volti 1.5 na nyingine ya volti 15. Hiyo ya volti 15 ni adimu madukani, na mita nyingi nzima zimetupwa kwa kukosa betri hiyo tu. Lakini betri bapa tano za volti 3, zile za saa na kikokotozi, zikipangwa kwa kufuatana zinatoa volti 15 zile zile. Fundi akizifungia kwenye kijibomba cha plastiki, mita inapima tena.

La tatu, kagua kapasita za karatasi zilizokaa kwenye njia ya kuingizia umeme. Baadhi zimefunikwa kwa plastiki inayopasuka kwa uzee, zikanywa unyevu wa hewa. Na hewa ya pwani mnaijua. Mashine inaweza kuwaka vizuri, na baada ya dakika chache chumba kikajaa moshi. Zibadilishwe kabla, zisingojwe.

La nne, swichi. Uchafu wa swichi hufanya mita iseme hivi leo na vile kesho. Isafishwe kwa spiriti safi au kwa dawa ya kusafishia swichi. Isipakwe mafuta ya kupikia wala grisi, na msasa usiiguse, kwa maana unakwangua utando mwembamba wa madini ambao ndio uhai wa swichi.

La tano ni la hatari, na nalisema polepole ili kila mtu asikie. Kioo cha oskiloskopu ya zamani hutumia volti elfu kadhaa, na umeme huo huweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi. Kazi hii haifanywi na mtu peke yake chumbani, wala na mtu aliyechoka. Iko pia desturi mbaya ya baadhi ya mafundi, ya kukata waya wa ardhi kwenye plagi ya oskiloskopu ili waweze kupima televisheni iliyoungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukikata waya huo, ganda zima la chuma la mashine linaweza kuwa na umeme. Ukiligusa huku mguu uko kwenye saruji yenye unyevu, hutapata nafasi ya kujieleza. Njia iliyo salama ni kuweka transfoma ya kutenganisha umeme upande wa televisheni, na kuiacha oskiloskopu na waya wake wa ardhi kama kiwanda kilivyoiacha.

Sasa mashine imewaka. Je, inasema kweli? Kuwaka ni jambo moja na kusema kweli ni jambo jingine. Kila mita inahitaji kulinganishwa na mita bora kuliko yenyewe, na hiyo nayo ilinganishwe na iliyo bora zaidi, mpaka kufikia vipimo vya taifa. Tanzania tunalo Shirika la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Wenzetu wa Kenya wanalo lao, lililoanza mwaka 1974. Juu yao mnyororo huo unafika Sèvres, karibu na Paris, iliko ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyotokana na mkataba wa mwaka 1875. Sokoni hatukubali kilo ya muuzaji mpaka mizani yake iwe na mhuri. Kwa nini basi tukubali volti za mtu ambaye mita yake haijalinganishwa na kitu chochote tangu aliporithi meza?

Najua fundi mdogo wa Kariakoo hawezi kupeleka mita maabara kila mwaka. Lakini mafundi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kukutana siku moja kwa mwezi, wakapima betri moja mpya kwa mita zao tatu, wakaandika. Mbili zikikubaliana na moja ikapinga, wameshajua iliyo ya kutiliwa shaka. Na waandike kwenye daftari, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa fundi umeme iko kanuni isiyogharimu hata senti moja. Kabla ya kuamini kwamba waya hauna umeme, pima kwanza mahali unapojua pana umeme, uone mita inasema. Kisha pima ule waya unaotaka kuushika. Kisha rudi upime tena pale pa kwanza. Mita ikisema, ikanyamaza, ikasema tena, hapo ukimya wake una maana. Ikinyamaza mara mbili mfululizo, weka mikono mfukoni.

Ndugu msikilizaji, kabla sijamaliza ninayo maombi matatu. Kwa wakuu wa vyuo na karakana: usitupe mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuita mnada wa vyuma chakavu, iteni kwanza fundi mwenye ujuzi achambue. Na vile vitabu vilivyo kwenye rafu ya stoo visichomwe pamoja na karatasi kuukuu, kwa sababu mashine bila kitabu chake ni nusu mashine. Zile ambazo haziponi ziwe somo. Mwanafunzi aliyefungua mashine, akafuata mchoro mpaka akaupata ugonjwa, amejifunza jambo ambalo haliandikiki ubaoni.

Kwa wanunuzi wa serikali na wa makampuni: mnaponunua vyombo vipya, ulizeni maswali mawili. Kitabu cha matengenezo kiko wapi? Na vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi? Muuzaji akikosa jibu, mjue bei mliyotajiwa si bei yote. Iliyobaki mtailipa siku chombo kitakapoharibika na kubaki pambo la stoo.

Na kwako wewe mwenye televisheni, redio au friji: siku ukienda kwa fundi, usiangalie ukubwa wa kibao chake. Tazama mezani. Ukimwona anapima kabla ya kung'oa, na ukimuuliza "umejuaje?" akakuonyesha kwa mita, huyo mpe kazi yako. Akidai muda wa kupima, mpe, na akidai malipo ya kupima, mlipe. Tumezoea kulipia kipuri na kukataa kulipia akili iliyokitambua, kisha tunalalamika kwamba mafundi wetu wanabahatisha.

Kwa leo ni hayo.